Breka ya nyumbani haifai betri ya boti

"Ni volti 12 tu, breka ya nyumbani itatosha." Kauli hii kuhusu breka, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapozidi, husikika sana kwa wenye boti, nayo ni ya hatari. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu: kwa hezi 50 hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inayozuka breka inapokata huzimika hapo. Mkondo mnyoofu wa betri haushuki; cheche inaweza kuendelea kuwaka hadi iyeyushe breka yenyewe. Nunua breka iliyoandikwa DC, yaani ya mkondo mnyoofu, yenye uwezo wa kukata maelfu ya ampea, maana betri kubwa ikipiga shoti hufikia huko. Ukubwa wa breka kwa ampea ufuate unene wa waya, si kifaa kinachoendeshwa, kama pampu. Ifunge karibu na betri: waya ulio kabla yake hauna mlinzi.