Kumzoesha Farasi Aliyeokolewa: Maelezo kwa Wakazi wa Mombasa Wanaoomba Kumpokea Mnyama

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu imekuwa ikipokea malalamiko ya aina mbili ambayo, yakisikilizwa juu juu, yanaonekana kupingana. Ya kwanza hutoka kwa wananchi waliokabidhiwa farasi au punda aliyeokolewa, ambao husema kwamba mnyama huyo ni mkali, hashikiki, na kwamba tuliwaficha ukweli wake. Ya pili hutoka kwa majirani wa wananchi hao hao, wanaotupigia simu kutueleza kwamba mnyama amefungwa mtini tangu asubuhi na kwamba kuna kijana anamchapa ili atulie. Nikiwa daktari wa mifugo ninayeyashughulikia malalamiko ya pande zote mbili, naamini kwamba wengi wa wahusika wana nia njema kabisa. Tatizo lao ni moja: mnyama aliyewaogopa binadamu kwa miaka anadaiwa imani kwa siku chache, na akichelewa kuitoa anahesabiwa kuwa mkaidi.

Ni vyema kwanza kuondoa utata wa jina. Hapa Kenya hatuna farasi wa mwitu kwa asili. Farasi wote waliopo ni kizazi cha farasi walioletwa na watu. Hata wale maarufu wanaozurura katika nyika za magharibi mwa Marekani ni uzao wa farasi wa kufugwa, baadhi yao wa asili ya Kihispania, waliotoroka au kuachwa. Kwa hiyo tunapoandika katika fomu zetu kwamba farasi ni «wa mwitu», tunamaanisha mnyama aliyezaliwa au kuachwa mahali pasipo na watu, akakua bila kuguswa. Jambo hili lina maana kubwa kwa anayempokea, kwa sababu mnyama wa namna hiyo hajasahau mafunzo wala hana tabia mbaya ya kurekebishwa, bali hajui kabisa binadamu ni kiumbe wa namna gani, na kitu pekee anachoweza kukilinganisha nasi ni mnyama anayewinda.

Tazama jambo hilo kwa upande wake. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, naye huona karibu mzunguko wote unaomzingira, isipokuwa sehemu ndogo mbele kabisa ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Mtu anayemwendea moja kwa moja kutoka mbele, akimkazia macho huku amenyoosha mkono kuelekea paji hilo, anafanya kwa upole wote yale yale ambayo simba hufanya kabla ya kuruka, na mkono wake unaingia mahali ambapo farasi hauoni. Wananchi wengi hufanya hivyo siku ya kwanza, tena wakiwa na karoti mkononi, kisha hushangaa mnyama anaporuka nyuma na kukata kamba.

Mwaka mmoja tulimpokea farasi jike kutoka shamba lililoachwa huko bara. Alikuwa na umri wa miaka kama sita, hajawahi kuvishwa hatamu, na mbavu zake zilihesabika ukiwa umesimama barabarani. Siku 11 za mwanzo hakuna aliyejaribu kumgusa. Mtunzaji wetu, mzee mwenye subira ambayo mimi sina, alikuwa akiingia zizini saa zile zile kila siku, akiweka nyasi na maji, kisha akikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akiwa amempa farasi bega lake. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kazi aliniuliza, «Daktari, huyu mzee analipwa kwa kukaa?» Nikamwambia, «Mwanangu, mtazame farasi, usimtazame mzee.» Sikio moja la farasi lilikuwa limemwelekea yule mzee muda wote. Siku ya kwanza masikio yote mawili yalikuwa yamelazwa nyuma.

Kazi yenyewe ilianza baada ya hapo, na hapa ndipo ninapoomba msomaji awe makini, kwa kuwa watu wengi huielewa kinyume. Farasi hajifunzi pale unapomkaribia; hujifunza pale unapoondoka. Mzee alipiga hatua moja kuelekea begani, kamwe si kichwani, na farasi alipokaza shingo alisimama papo hapo. Hakurudi nyuma wakati huo, kwa maana angerudi mnyama akiwa amekaza mwili angemfundisha kwamba kukaza mwili ndiyo njia ya kumfukuza mtu. Alingoja. Farasi alipoteremsha kichwa kidogo, akapumua kwa nguvu puani na kuanza kutafunatafuna mdomo mtupu, mzee aligeuka mara moja akaondoka zake. Kuondoka huko ndiko kulikokuwa ujira wa farasi. Alirudia hivyo mara nyingi, robo saa asubuhi na robo saa jioni, na si zaidi, mpaka siku moja aliondoka, na farasi akapiga hatua mbili kumfuata.

Kugusa kulianzia begani kwa mgongo wa kiganja, kukapanda shingoni penye singa, mahali ambapo farasi wenyewe hukwaruzana kwa meno wanapopendana. Ilichukua wiki nyingine tatu kufika masikioni na miguuni. Hatamu ya kamba laini ilining'inizwa kwanza kwenye ukuta wa banda, kisha ikawekwa kando ya hori akila, kisha ikapitishwa puani na kuondolewa, kabla ya kufungwa. Anayeuliza kwa nini yote haya yasifanywe kwa siku moja na wanaume wanne wenye kamba anapaswa kuelewa kwamba kufunga hatamu kwa nguvu kunawezekana, nami nimewahi kuona kukifanywa, lakini hatamu hiyo haifungwi mara ya pili bila wanaume wale wale wanne.

Lipo jambo ambalo limetuponza sana, nalo ni utulivu wa uongo. Farasi aliyefungwa akapigwa na kukosa njia ya kukimbia hufika mahali akaacha kupambana. Husimama kimya, jicho limekufa, masikio hayaelekei popote, wala hasogei hata inzi wakimtua usoni. Mwenyewe hufurahi na kusema amezoea. Hajazoea, amekata tamaa. Siku atakapopata mwanya, pengine mtoto akiwa mgongoni, hofu yote iliyolala itaamka kwa pamoja. Tofauti ya kweli inapatikana kwa kumwangalia na kumpima: mapigo ya moyo ya farasi mzima aliyepumzika ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, na ukimkuta amesimama kama gogo huku moyo ukipiga 70, huyo hajatulia hata kidogo.

Kuhusu chakula nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu makosa yake huua. Ipo dhana kwamba farasi asinyimwe kitu akiwa amekonda, na nyingine kwamba anyimwe ili njaa imfundishe utii. Zote mbili ni hatari. Mnyama aliyekaa na njaa kwa muda mrefu akipewa ghafla mahindi, pumba au mkate, sukari huingia kwa wingi katika damu, na madini kama fosforasi na potasiamu hukimbilia ndani ya seli kiasi kwamba moyo unaweza kushindwa siku chache baadaye, wakati kila mtu anafurahi kwamba sasa anakula. Tunaanza na lusani (majani ya malisho yaitwayo pia alfalfa) kidogo kidogo, kila baada ya muda wa saa nne, usiku na mchana, na tunaongeza taratibu kwa muda wa siku 10 hivi chini ya uangalizi wa daktari. Farasi hawezi kutapika, hivyo kosa lililokwisha kumezwa halirudi. Kumshindisha njaa mnyama ili atii ni ukatili mbele ya sheria, hata kama babu zetu walifanya hivyo.

Mazingira mapya ni mtihani wa pili, na Mombasa ni mahali pagumu kwa farasi aliyekulia kwenye ukimya. Anakutana na tuktuk, matatu zenye muziki, honi za bodaboda, mawimbi yasiyotulia, miamvuli ya ufukweni inayofunguka ghafla, fataki za Diwali na za mwaka mpya. Hata upepo una neno: kusi likivuma kwa nguvu huleta harufu na sauti zisizojulikana zinatoka wapi, na mnyama aliyelala vizuri jana anakesha leo. Kwa wiki mbili za mwanzo asitolewe zizini. Baadaye aongozwe njia moja fupi, saa zile zile, pamoja na farasi au punda mkongwe aliyezoea mji, kwa sababu farasi hujifunza utulivu kwa mwenzake haraka kuliko kwa binadamu yeyote. Kitu kinachomtisha kisiletwe kwake. Aachwe akitazame kwa mbali, na umbali upunguzwe siku kwa siku. Kumpeleka ufukwe wa Bamburi Jumapili ya kwanza ili azoee watu, kama alivyofanya muombaji mmoja, ni kumtupa kisimani asiyejua kuogelea.

Kuanzia magharibi hadi baada ya jua kuchomoza mnyama awe ndani ya banda lenye wavu au moshi mdogo, hasa wakati wa masika, kwa kuwa visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi wengi wanaoupata. Banda la makuti lenye hewa linafaa kuliko la mabati.

Sasa nieleze utaratibu, maana hapa ndipo penye maswali mengi, mengine yakiwa yameulizwa na kujibiwa mara nyingi. Muombaji hujaza fomu. Afisa hukagua zizi. Mnyama hukabidhiwa kwa majaribio ya miezi 6, na katika kipindi hicho ofisi yetu ndiyo inayobaki kuwa mmiliki. Hakuna njia ya mkato, na barua kutoka kwa mtu mkubwa haibadilishi lolote. Wanaoona kwamba tunawaonea wafahamu kwamba serikali ya Marekani, ambayo hulinda farasi wake wa nyikani kwa sheria ya mwaka 1971, haimpi mwananchi hati ya umiliki kabla ya mwaka mmoja, na hudai zizi lisilopungua takriban mita 37 za mraba kwa kila mnyama, uzio wa karibu mita 1.8 kwa farasi mzima asiyezoezwa, na kukataza kabisa seng'enge ya miiba. Vipimo hivyo tunavifuata, na sababu ya uzio mrefu ni kwamba farasi anayeona uwezekano wa kuruka atajaribu.

Kumsafirisha mnyama kunahitaji kibali cha afisa wa mifugo wa eneo anakotoka, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364. Kibali kinatolewa kabla ya safari. Kupiga simu ukiwa tayari umefika njiani si kuomba kibali. Dawa ya kumtuliza itolewe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011, si na rafiki aliyebakiwa na chupa. Ustawi wa wanyama ni jukumu la serikali ya kaunti kulingana na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hiyo ofisi ya mifugo ya kaunti, sawa na kituo cha polisi, ni mahali sahihi pa kuripoti ukatili.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataja kupiga, kupiga mateke, kubebesha mzigo kupita kiasi, kuchokoza na pia kumtia mnyama hofu kwa ukatili. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Najua wapo wanaocheka wakisikia kiasi cha faini. Wanasahau kifungo, na wanasahau kwamba mahakama ina uwezo wa kumwondolea mtu umiliki wa mnyama. Aliyemtia farasi hofu kwa makusudi amevunja sheria hata kama hakuacha alama ya fimbo.

Kuhusu punda nitaongeza machache. Wahenga walisema punda haendi bila ya kigongo, na kwamba asante ya punda ni mateke. Misemo hiyo imewagharimu punda wa pwani hii kwa vizazi. Farasi akiogopa hukimbia, lakini punda husimama akifikiri. Kusimama huko ndiko kunakoitwa ukaidi, kisha kigongo kinamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Punda aliyetenganishwa na mwenzake wa siku zote anaweza kuacha kula, mafuta yakajaa katika damu yake na akafa, kwa hiyo hatutoi punda mmoja kutoka kwa jozi, hata muombaji akilalamika.

Yule farasi jike alipata makao kwa familia moja upande wa Kisauni baada ya miezi tisa. Anaongozwa na msichana wao wa miaka 14, huinua kwato akiombwa, na hupita kando ya tuktuk bila kugeuza sikio. Bado haukubali mwamvuli unaofunguliwa nyuma yake, na katika fomu yake tumeandika hivyo kwa wino mwekundu, tukaongeza kwamba mvua ikinyesha anayemwongoza alowe.