Robota Likifumuka, Soma Waya Kwanza: Elimu kwa Wenye Mashine za Kufunga Hei Mkoani Tabora

Kila kiangazi kinapoanza na watu kukata majani, malalamiko yanayofika kitengo chetu cha zana yanafanana, yawe yametoka Igunga, Nzega au Uyui: asubuhi waya unakatika, mchana robota, yaani furushi la hei (majani makavu ya kulishia) lililoshindiliwa, linalegea na kufumuka likipakiwa. Wengi wanaolalamika wamenunua mashine zilizokwishatumika, zinazofunga kwa waya, na hapo awali walizoea zile za kamba. Tunathamini juhudi zao, kwa sababu hei iliyohifadhiwa vizuri ndiyo inayovusha mifugo hadi mvua za Novemba. Lakini kabla ya kuita fundi, au kulaumu aliyekuuzia, chukua waya wa robota lililofumuka uangalie ncha zake.

Sitaeleza habari za grisi ya kila siku, kukaza nati na kupangusa vumbi. Mwenye mashine anayajua hayo.

Ncha zikiwa zimenyooka, hazina hata alama ya kusokotwa, waya haukufika kwenye kisokoteo, kinachosokota ncha pamoja, au kibanio, kinachoshika ncha, kiliuachia. Angalia njia ya waya kuanzia kwenye koili hadi kwenye sindano (mkono unaopitisha waya kuzunguka robota), kisha safisha kibanio. Vumbi la majani likichanganyika na kutu hujaa pale na waya ukateleza. Nyuso za kibanio zinazoshika waya hazipakwi grisi. Tunawakuta watu wameipaka kwa nia njema kabisa, na ndiyo inayonasa uchafu. Kisu cha waya kikiwa butu nacho huleta kasoro hiyohiyo, kwa kuwa badala ya kukata huvuta na kuchomoa ncha inayosubiri kufunga robota linalofuata.

Ukikuta waya umesokotwa kisha ukakatikia shingoni mwa msokoto, shuku mambo matatu: shinikizo limezidi, ndoano ya kisokoteo ina makwaruzo, au waya wenyewe ni mbovu. Msokoto wenye mizunguko michache uliojifungua unaonyesha kwamba kisokoteo hakimalizi mzunguko wake, hivyo kagua meno ya gia zake na beringi. Waya uliokatika mbali na msokoto umejeruhiwa njiani, labda kwa kona kali, rola iliyokwama, au kwa sababu umejikunja ukitoka kwenye koili.

Kuhusu waya mbovu, niseme wazi. Waya wa kufungia nondo haufai kwenye mashine hii. Ni mwembamba, nao unatengenezwa usokotwe kwa mkono. Waya wa marobota una unene wa karibu milimita 2, umelainishwa kwa moto kiwandani ili usokoteke bila kuvunjika na bado uhimili msukumo wa majani. Kinachookolewa dukani kwa waya wa bei nafuu hupotea shambani siku hiyohiyo.

Sasa skrubu za shinikizo, zile zinazobana chemba, yaani sehemu ambamo majani hushindiliwa kuwa robota. Dhana kwamba robota likifumuka dawa ni kukaza inaharibu mashine nyingi kuliko uchakavu. Majani yenye umande ni mazito na hukwama kwenye kuta za chemba, kwa hiyo shinikizo hupanda lenyewe na waya hukatika. Jua likipanda, majani yaleyale huteleza na robota hulegea. Ndiyo maana mpangilio mmoja hauwezi kufaa kutwa nzima. Anza kazi umande ukishakauka, legeza skrubu mwanzoni, kisha ongeza kidogokidogo, pande zote kwa usawa, huku ukipima uzito wa robota kwa mkono. Hei ifungwe ikiwa na unyevu wa asilimia 15 hadi 18. Ikizidi 20 huota ukungu na kupata joto, hata kuwaka ghalani.

Wanaofunga mabua ya mpunga, Igunga na Nzega, wajue kwamba yana silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, na hula visu haraka. Mchanga wetu nao hula meno ya kuokotea majani yakishushwa mno. Kisu cha pistoni (kinachoshindilia majani ndani ya chemba) na kile kisichotembea viachane kwa chini ya milimita moja. Nafasi ikizidi hapo, majani huburuzwa badala ya kukatwa, robota hutoka limepinda, na upande mmoja wa waya hubeba mzigo wote.

Bolti ya usalama imewekwa ili ikatike mashine ikikwama. Ukiikuta imekatika, zima injini, tafuta kilichokwama, kisha weka bolti ya aina ileile. Kuweka kipande cha nondo au bolti ngumu zaidi ni kualika pistoni igonge sindano. Baada ya matengenezo yoyote, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito, kwa mkono, kwa uelekeo wake wa kazi, injini ikiwa imezimwa, na uhakikishe kizuizi cha pistoni kinaingia kwenye chemba mara sindano zinapoondoka mahali pake.

Upande wa sheria, shamba lenye wafanyakazi ni mahali pa kazi kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kibarua wa siku moja anayepanga marobota nyuma ya mashine ni mfanyakazi. Mahali pa kazi husajiliwa. Shafti ya PTO, inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine na kuzunguka mara 540 kwa dakika, iwe na kava lake. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia na kukagua. Akikuta kasoro anaweza kutoa notisi ya kuirekebisha ndani ya muda uliotajwa, na hatari ikiwa kubwa hutoa notisi ya katazo. Hapo mashine husimama mpaka kasoro iondolewe. Atakayekaidi ametenda kosa, na adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Mwajiri anatakiwa pia kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hoja ya "sisi ni wakulima tu" haitambuliki. Na hakuna sababu yoyote ya kuingiza mkono kwenye kisokoteo wakati injini inanguruma, hata kama ni waya mmoja tu umekwama.

Jambo la mwisho linamhusu anayelisha. Ng'ombe humeza kwanza, kutafuna baadaye. Kipande cha waya hutua kwenye tumbo la pili, lililo jirani na moyo, na kila tumbo linapojikaza waya husukumwa kutoboa. Mnyama huacha kula, maziwa hupungua ghafla, husimama amepinda mgongo na kupanua viwiko, na huguna akiteremka mteremko. Ukiona dalili hizo mwite daktari wa mifugo mapema. Kila robota lina nyaya mbili: zikate, zitoe, uzihesabu. Ukipata mmoja, utafute wa pili kabla majani hayajaingia kwenye mashine ya kukatakata, maana ukipita humo unatoka vipande ambavyo hakuna jicho litakaloviona. Nyaya zilizotumika ziwekwe kwenye pipa nje ya zizi, wala zisitumike kufungia miti ya zizi lenyewe. Masazo ya hei yenye waya yasichomwe malishoni, kwa sababu moto humaliza majani na kuacha waya.

Ukija ofisini kwa ushauri, njoo na waya wa robota lililofumuka, ncha zake zote mbili zikiwepo, pamoja na kipande cha waya mpya kutoka kwenye koili unayotumia.