Hesabu dakika za mkono, si idadi ya fulana

Kampuni ya Westlands au Upper Hill jijini Nairobi ikiamua kutuma wafanyakazi wake wakafundishe vijana kompyuta katika mitaa ya Mathare, Mukuru au Kawangware, kitu cha kwanza kupangwa huwa fulana. Cha pili ni bango. Swali la laptopu ngapi huja Alhamisi, siku mbili kabla ya darasa. Mimi huanzia upande mwingine: mwanafunzi mmoja atapata dakika ngapi za kushika kibodi kwa mkono wake mwenyewe?

Tupige hesabu. Darasa ni la saa mbili, vijana 20, laptopu 5. Toa dakika 15 za hotuba za wageni, 20 za kuwasha mashine na kutafuta soketi, 15 za picha. Zimebaki 70. Zidisha kwa laptopu 5, gawa kwa vijana 20, na kila mmoja ameambulia dakika 17 na nusu. Jumamosi nane za namna hiyo ni dakika 140, yaani saa mbili na dakika 20 kwa muhula mzima. Sasa lete laptopu 10 zilizokaguliwa Ijumaa, futa hotuba, picha ziache hadi Jumamosi ya mwisho. Ukitoa dakika 15 za kuingia na kutoka zinabaki 105, mgao ni dakika 52 na nusu, na Jumamosi nane zinazaa saa 7. Walimu ni walewale, ukumbi ni uleule.

Karibu kila kosa ninaloliona katika miradi hii linakula kutoka kwenye saa hizo 7. Nitayataja makubwa.

Mashine zenyewe

Laptopu nyingi za madarasa haya hutoka stoo ya kampuni. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, kwa hiyo stoo zimejaa. Hazijafa. Yenye memori ya GB 4 na diski ya SSD, hata ya GB 128 tu, inaendesha Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, pamoja na LibreOffice (programu za bure za barua na majedwali) na kivinjari bila kununa. Yenye diski ya zamani ya kuzunguka itachukua dakika kadhaa kuwaka, na hizo ni dakika za mwanafunzi. Ibadilishe diski kwanza, au iache hukohuko stoo.

Kabla mashine haijatoka ofisini, watu wa TEHAMA wafute data ya kampuni, waondoe nenosiri la BIOS (programu inayoamsha mashine kabla ya Windows), kisha waitoe mashine kwenye mfumo wa kampuni wa kusimamia vifaa. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Laptopu inafutwa vizuri, inawekewa Windows upya, lakini ikishika intaneti tu inadai barua pepe ya kampuni na kugoma papo hapo. Kila laptopu iende na chaja yake. Ikibidi kununua nyingine kwenye maduka ya Luthuli Avenue, volti zilingane kabisa na zilizoandikwa chini ya laptopu, na ampea zisipungue. Zikizidi hakuna neno.

Kuna ugonjwa mmoja unaoweza kumaliza Jumamosi nzima, nao ni wa saa. Laptopu iliyokaa stoo miaka mitatu mara nyingi ina betri kubwa iliyochoka, na kale kabetri ka sarafu ndani yake, aina ya CR2032 ya volti 3, kamekwisha. Ukichomoa chaja, mashine inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Kijana anafungua kivinjari, na kila tovuti inamwonya kwamba muunganisho si salama. Hapo wafanyakazi wawili wa kujitolea wanaanza kulaumu ruta, wa tatu ananunua bando jipya, wa nne anaweka kivinjari kingine. Ruta haina kosa. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko mwaka 2015 inakiona cheti hicho kama kitu ambacho siku zake hazijafika, na inakikataa. Tazama saa kwenye kona ya kioo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Irekebishe, darasa liendelee, na betri ibadilishwe baadaye. Katika laptopu nyingi CR2032 hiyo huwa imefungwa kwenye plastiki pamoja na waya mbili na plagi ndogo, kwa hiyo usinunue ile tupu isiyo na waya ukadhani itaingia.

Stima na bando

Wenyeji wa ukumbi huogopa laptopu 10 zitaangusha stima. Chaja 10 za wati 65 ni wati 650, chini ya theluthi moja ya birika la umeme la wati 2,200, na soketi moja ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Cha kuogopa ni ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, waya mwembamba, na soketi iliyolegea inayotoa cheche. Ipitishe kebo kando ya ukuta na uibane kwa utepe, maana laptopu yenye betri iliyokufa huzimika mguu ukigusa waya, na kazi ya kijana imekwenda nayo. Wati 650 kwa saa mbili ni yuniti 1.3. Nunua tokeni kabla hujaombwa.

Intaneti ni ghali kuliko stima, na mlaji wake mkuu si mwanafunzi bali masasisho. Laptopu 10 za Windows zilizolala mwezi mmoja zikiamka pamoja kwenye ruta moja, kila moja inaanza kushusha mamia ya megabaiti kimyakimya, na bando linaisha kabla ya chai. Sasisha ofisini Ijumaa. Pale ukumbini, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo (metered connection). Scratch, ya kujifunzia kuandika programu, ina toleo la kutumika bila intaneti, Kiwix inabeba Wikipedia nzima ndani ya diski, na Kolibri hugawa masomo kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila bando. Mimi hupanga Jumamosi tatu za kwanza bila intaneti kabisa. Huwa hakuna anayeilalamikia.

Akaunti 20 kwa mpigo

Jumamosi ya barua pepe ndiyo inayowaaibisha watu wa teknolojia. Mpango husema: dakika 20, kila mtu afungue Gmail. Akaunti za kwanza zinapita. Kisha Google, ikiona maombi yanamiminika kutoka mtandao mmoja, inaanza kudai namba ya simu. Namba moja haithibitishi akaunti bila kikomo, na vijana wengi walio chini ya miaka 18 hawana laini kwa jina lao. Wanatumia laini ya mama au ya kaka. Msimbo unatumwa kwenye simu iliyo sokoni Gikomba na mwenyewe. Hata ukipita hapo, wiki ijayo nusu ya darasa wamesahau nenosiri, na njia ya kulirudisha inapitia simu ileile.

Kwa hiyo ombeni namba za wazazi wiki mbili kabla, mkieleza zitatumika kwa nini, na mfungue akaunti nne au tano kila Jumamosi huku wengine wakifanya kazi nyingine. Nenosiri liandikwe kwenye daftari la mwanafunzi linalobaki nyumbani. Ndiyo, najua tunavyofundishwa ofisini. Kwa kijana asiye na simu, daftari lililo nyumbani ni salama kuliko kumbukumbu, na ni salama zaidi kuliko nenosiri moja la darasa zima ubaoni.

Kwa waliomaliza kidato cha nne na wenye kitambulisho, akaunti hiyo ndiyo mlango wa eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), wa PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), wa maombi ya KUCCPS (nafasi za chuo) na HELB (mkopo wa masomo). Huduma hizi wengi huzilipia kwenye saiba, na barua pepe inayowekwa humo wakati mwingine ni ya mwenye saiba. Kijana akishindwa kuingia baadaye, chanzo kwa kawaida ni hicho. Somo la kubadilisha barua pepe kwenye akaunti hizo linafaa kuliko somo la akili bandia, ingawa halitapendeza kwenye ripoti.

Shilingi 50/- ambazo hazijumlishwi

Wafanyakazi wa kujitolea hupenda kuanza na kuandika programu. Mimi naanza na kuchapa na mafaili, kwa sababu aliyekulia kwenye simu hajui folda ni nini: picha zake zimekuwa zikijipanga zenyewe. Mwambie ahifadhi barua, afunge kila kitu, kisha aitafute. Nusu saa itapita hapo na imetumika vizuri.

Baada ya hapo, jedwali. Chukua hesabu ya kibanda cha mboga: sukuma wiki, nyanya, vitunguu, bei ya kununua, bei ya kuuza. Kijana anaandika 50/- kama alivyoona ikiandikwa maisha yake yote, anajaza safu, anaweka =SUM(B2:B8), anapata 0. Usimwambie jibu. Mwonyeshe kwamba 50/- yake imeegemea kushoto mwa kisanduku. Afute ule mkwaju na kistari, abonyeze Enter, na 50 inaruka kulia. Kilicho kushoto kompyuta inakisoma kama maneno, kilicho kulia ni namba, na SUM huruka maneno. Kibaya kuliko hiyo 0 ni pale alipoandika tano kwa namba na mbili kwa 50/-: jumla inatoka, inaonekana ya kweli, na ni pungufu. Baada ya hapo ataanza mwenyewe kutazama upande ambao tarakimu zimelala.

Mkono wa mwalimu hapo ndio hatari. Mtu anayechapa kutwa nzima ofisini hawezi kuvumilia kumwona mwingine akitafuta herufi. Ananyakua kipanya, "ngoja nikuonyeshe", na dakika nne zimekwenda. Kanuni yangu ni kwamba mwalimu anasimama mikono nyuma. Anaruhusiwa kuelekeza kwa mdomo na kwa kidole, bila kugusa kioo.

Watu na siku

Jumamosi ya kwanza huja wafanyakazi 15, ya nne huja watatu, hasa ikiangukia mwisho wa mwezi ambapo watu wa fedha wanafunga vitabu. Heri sita walioandika majina kwa Jumamosi zote nane, wanne wakifundisha na wawili wakiwa akiba, na meneja wao ametia saini kwamba anajua. Kila kijana awe na mwalimu yuleyule. Mwalimu mpya hupoteza robo saa kuuliza mlifika wapi.

Kabla ya kuchagua Jumamosi, uliza kuna Wasabato wangapi. Uliza pia saa. Asubuhi wasichana wengi wanafua na kuteka maji, kwa hiyo darasa la saa tatu linajaa wavulana. La saa nane mchana linachanganyika, na kila mtu anafika nyumbani kabla ya giza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikipiga mabati hakuna sauti itakayosikika, kwa hiyo kila somo liwe na karatasi ya maagizo ambayo kijana anaweza kuifuata peke yake.

Kila mwalimu awe na cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), kinachoombwa kupitia eCitizen kabla ya kutoa alama za vidole. Watu wazima wasipungue wawili chumbani wakati wowote, na hakuna kubadilishana namba za simu na mwanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na sura iliyo kwenye picha ni data. Fomu ya idhini iwe kwa Kiswahili, itumwe nyumbani Jumamosi ya kwanza.

Jambo la mwisho ni kabati. Laptopu zikirudi ofisini kila Jumamosi jioni, hesabu ya dakika inasimama hapo. Zikibaki ukumbini kwenye kabati la chuma, ufunguo mmoja kwa mlezi wa ukumbi na mwingine kwa mtu mmoja wa kampuni, na mlezi akalipwa kidogo kufungua Jumatano saa kumi hadi saa kumi na mbili, kila kijana anaongeza saa nzima kwa wiki, mara nane. Mpeni mlezi daftari la kuandika nani ameketi wapi na kwa muda gani, CR2032 mbili za akiba, na namba ya kupiga mashine ikigoma.