Nani Anachagua Picha? The Truman Show kwa Macho ya Mhariri

Watu wakiizungumzia The Truman Show huanza na kamera, na filamu yenyewe inawapa sababu. Kamera zipatazo 5,000 zimefichwa katika mji mzima wa Seahaven, ambao kwa kweli ni seti kubwa ya studio chini ya anga la kuchorwa, iliyojaa waigizaji, ndani ya vifungo vya mashati, pete na dashibodi za magari, na zote zinamwinda mtu mmoja, Truman Burbank, wakala wa bima asiyejua kwamba tangu azaliwe, karibu miaka 30 iliyopita, maisha yake yanarushwa mubashara duniani kote. Kazi yangu ni kuhariri vipindi vya televisheni, na ndiyo maana kila ninapoirudia filamu hii macho yangu hayatulii kwenye kamera hizo. Yananivuta kwenye chumba cha kuendeshea matangazo anamoketi Christof, mwasisi na mwongozaji wa kipindi. Kamera 5,000 zisizo na mtu wa kuzichagulia ni picha 5,000 zinazokwenda sambamba bila kusema lolote. Hadithi huanza pale mtu anapoamua ipi iende hewani, wakati gani, na ikae kwa muda gani.

Filamu ilitoka Juni 1998, ikiongozwa na Peter Weir wa Australia kwa skripti ya Andrew Niccol wa New Zealand. Rasimu ya mwanzo ya Niccol ilikuwa ya kutisha zaidi, na mandhari yake yalikuwa New York. Weir alitaka jua na vicheko, na picha zikapigwa Seaside, Florida, mji halisi wenye watu wake, uliopangwa kwa unadhifu kiasi kwamba mtazamaji huapa ni seti ya studio. Kipindi cha vijana waliowekwa nyumba moja mbele ya kamera kilikuwapo MTV tangu 1992, lakini Big Brother ilikuwa bado. Ilianza Uholanzi mwaka 1999. Kwa hiyo Weir na Niccol hawakuwa wakikejeli jambo lililokwisha kuenea. Walikuwa wakifuata mantiki ya televisheni waliyoijua hadi mwisho wake.

Sehemu ninayowaonyesha vijana wanaojifunza kazi hii ni ile ya darajani. Truman ameanza kushuku. Rafiki yake wa tangu utotoni, Marlon, amekuja na bia, na wawili hao wameketi usiku ukingoni mwa daraja lisilokamilika. Marlon anamwambia, kwa sauti ya upole na macho yenye machozi, kwamba kama watu wote wamekula njama, basi hata yeye amo, ilhali jambo ambalo hangelifanya kamwe ni kumdanganya. Katikati ya maneno hayo Weir anakata na kutuonyesha Christof akiyatamka kwenye maikrofoni, na Marlon akiyapokea sikioni na kuyarudia neno kwa neno. Kisha kutoka kwenye ukungu anatokeza baba yake Truman, ambaye mwanawe alimwona akizama baharini akiwa mtoto. Christof anaagiza ukungu upunguzwe, kamera ya kreni ijiandae, ile ya kifungoni ichukue, halafu picha pana kutoka kamera ya ukingoni mwa barabara. Msaidizi wake anataka kusogea karibu na nyuso zao, Christof anamzuia. Anasubiri muziki upande kwanza, na anayeucheza kwenye kinanda humo chumbani ni Philip Glass mwenyewe, mmoja wa watunzi wa muziki wa filamu hii. Ndipo anairuhusu picha ya karibu, na chumba kizima kinalipuka kwa furaha.

Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya mtambo wa kuchanganyia picha anajua kwamba Christof yuko sahihi. Picha ya karibu ukiitoa mapema huna tena cha kutoa. Ukiichelewesha kidogo, mtazamaji mwenyewe anaanza kuitamani, na ikija inamkuta amekwisha kufungua moyo. Linalonitisha ni hili. Weir angeweza kumfanya Christof mwongozaji hafifu, mtu wa hila za wazi ambazo tungezicheka na kujiona werevu. Badala yake amempa ustadi wa kweli, na Ed Harris anamwigiza kwa utulivu wa msanii anayeiheshimu kazi yake, bila makelele ya muovu wa filamu za kawaida. Tumeonyeshwa uongo unavyopikwa, hatua kwa hatua, na bado koo linakaba. Mimi hunikaba kila mara, ingawa kazi ninayoiona pale ndiyo kazi yangu.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita ni namna filamu inavyoshughulikia kumbukumbu. Katika sinema za kawaida, mhusika akikumbuka jambo la zamani tunaingizwa kichwani mwake. Picha za wakati uliopita ni za kwake peke yake. Truman anamkumbuka Lauren, binti aliyempenda ujanani, aliyeondolewa ufukweni na mtu aliyejiita baba yake na kudai kwamba familia inahamia Fiji. Tunaiona kumbukumbu hiyo yote, tena ni nzuri, kisha Weir anatupeleka kwenye baa ambako wahudumu wanaijadili, kwa sababu nao wameiona muda uleule kwenye skrini. Ilitolewa kwenye maktaba ya kipindi. Hata anapokumbuka kwa siri, kuna mtu aliyetafuta mkanda, akapima urefu wake na kuuweka mahali panapofaa. Sijui filamu nyingine iliyonyang'anya mhusika wake faragha kwa hila ya uhariri iliyo nyepesi kiasi hiki.

Mpigapicha Peter Biziou naye alifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Shoti nyingi za Seahaven zina kingo zilizofifia gizani, au zimechukuliwa kwa lenzi pana kutoka kimo cha ajabu, kana kwamba kamera imebanwa nyuma ya kitu. Ila si zote, na mara kadhaa huwezi kujua kama unachotazama ni picha ya Christof au ya Weir. Naamini ni makusudi, kwa sababu mtu aliyenunua tiketi mwaka 1998 alikuwa anatazama kipindi kilekile anachotazama yule mzee wa ndani ya filamu aliyelala kwenye beseni la kuogea mbele ya televisheni yake.

Kuhusu matangazo ya biashara sitasema mengi. Kipindi kinakwenda saa 24 bila kukatishwa, kwa hiyo wadhamini wameingizwa kwenye mazungumzo. Laura Linney, anayemwigiza mke, anashika pakiti ya kinywaji cha kakao na kuisifu kwa tabasamu katikati ya ugomvi wa ndoa, na Truman anamuuliza anazungumza na nani. Nacheka kila mara. Hata hivyo hapo ndipo penye lawama yangu kubwa dhidi ya filamu: mwanamke huyu ni mwigizaji aliyeajiriwa kuishi kama mke wa mtu, na Niccol hataki kujua kazi hiyo inamgharimu nini. Anaondoka mbio akilia kwamba kazi haiwezi kufanyika hivyo, na hatuambiwi zaidi.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikutana na jambo hili mwaka 2003, Big Brother Africa ilipoanza na Mwisho Mwampamba wa Tanzania akashika nafasi ya pili. Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout, naye wa Tanzania, akaibuka mshindi. Washiriki hao walijua kwamba wanatazamwa, na hiyo ni tofauti kubwa na Truman. Hata hivyo, chaneli ya saa 24 ilikuwa kwa wenye king'amuzi na muda. Mtazamaji wa muhtasari wa jioni alipewa dakika chache za siku nzima, na mhusika aliyempenda au kumchukia alikuwa ametengenezwa kwa sehemu fulani na mhariri asiyemjua. Mshiriki anaweza kukubali kurekodiwa. Atakavyokatwa hajui mpaka atoke.

Ndiyo maana mwisho wa filamu naupima kwa kazi yangu pia. Mashua ya Truman imetoboa anga la kuchorwa, amepanda ngazi na kufika mlangoni. Christof anamsemesha kwa sauti kutoka juu, kisha anamsihi aseme neno kwani yuko hewani. Truman amempa kisogo. Anapogeuka anatoa salamu yake ya kila asubuhi, anainama kama mwigizaji mwisho wa tamthilia, na kuingia kwenye giza la mlango ambako hakuna kamera. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyechagua pa kukata. Weir anaheshimu uamuzi huo: anamwonyesha Lauren, ambaye jina lake la kweli ni Sylvia, akikimbia kutoka nyumbani kwake kumfuata, lakini hakutuwekea shoti ya wawili hao wakikutana. Wapo wanaolalamika mpaka leo kwamba walinyimwa.