Mikoko haihamishwi kama kontena

Kikao cha mradi wa bandari hapa pwani hakimaliziki bila mhandisi mmoja kusema, "Hizo hekta za mikoko tutazifidia, tutapanda mara mbili yake kule ng'ambo." Wenzake wanaitikia, mwenyekiti anaingia ajenda inayofuata. Nimechoka kuisikia.

Kule ng'ambo kama ni tope tupu, mbona mikoko haijaota yenyewe mpaka leo? Mbegu zinapita pale kila bamvua, maji yanapojaa sana. Mara nyingi uwanda wenyewe uko chini mno, maji yanakaa juu yake muda mrefu kuliko mche unavyovumilia. Kila mti una mahali pake: mlilana mbele kuelekea baharini, aina iitwayo mkoko hasa nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu unaotokea mbele na hata nyuma kabisa kwenye chumvi. Wapandaji wanapenda mkoko huo kwa kuwa mbegu yake ndefu unaichomeka topeni kwa mkono, picha inapigwa, idadi ya miche inaingia kwenye ripoti. Iliyobaki hai baada ya miaka mitatu hakuna anayeihesabu. Kibaya zaidi, mingine hupandwa juu ya nyasi bahari: unaharibu malisho ya samaki kama tafi ili uonekane unatunza mazalia ya kamba.

Halafu kaboni nyingi ya mikoko imo udongoni, si kwenye matawi. Ukishafukua ule udongo, miche haikurudishii hazina hiyo leo wala kesho. Gazi, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, ambao jamii inauza hati za kaboni, umejengwa juu ya hekta 117, na sehemu kubwa ni msitu wa asili uliolindwa. Iliyopandwa ni kidogo.

Kwa hiyo kabla hamjanunua mche hata mmoja, nileteeni ramani ya gati tuichore upya. Yadi ya kontena haina lazima ya kukaa ufukweni, isukumeni bara. Na kama fidia haiepukiki, tafuteni mahali palipokuwa na mikoko zamani, barabara au tuta likaziba maji. Fungueni njia ya maji kwanza. Mbegu zikifika, miti inajipanda. Mombasa tuta la Makupa liliondolewa, daraja likafunguliwa 2022, na maji yakapata tena njia kati ya hori ya Tudor na ya Port Reitz. Kazi ya namna hiyo haina picha nzuri ya waziri akishika mche, najua.

Eti tope la kuchimba mlango wa bandari likimwagwa nje limekwisha. Lile zito linazama, jepesi linaelea na kufuata mkondo, likififisha mwanga unaohitajiwa na matumbawe na nyasi bahari. Mkichimba karibu nazo, chimbeni maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, si bamvua. Wavuvi wa hapo watawaambia mkondo unaelekea wapi wakati wa kusi, nao hawatozi ada ya ushauri.

Eti tathmini ya mazingira ni karatasi ya kupatia kibali. Waulizeni wa Lamu, palipojengwa bandari mpya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya, na moja ya kasoro ilizoziona ni kwamba tathmini ya kimkakati, ile ya kupima athari za mpango mzima, haikutangulia mradi.

Eti meli tupu haileti kitu. Hiyo ndiyo iliyojaa maji ya kusawazishia ili isiyumbe, pamoja na viumbe wa bandari ilikotoka. Mkataba wa kimataifa wa kuyadhibiti unatumika tangu Septemba 2017. Waulizeni manahodha daftari lake.

Na moshi? Wote wanainyoshea meli kidole. Kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5 mwanzoni mwa 2020. Nje ya geti, malori yamepanga foleni injini zikinguruma, kwa sababu tu hakuna aliyewapangia madereva saa ya kuingia.