Waya Haujaungua, Lakini Ripita Imezima

"Waya huu unabeba ampea 20, ripita haivuki 12, kwa hiyo tatizo si waya." Fundi mmoja ameniambia hivyo tena wiki hii, kuhusu ripita inayojizima, yaani mtambo wa redio unaopokea mawimbi na kuyarusha upya ili yafike mbali. Sasa naandika, ili atakayefuata nimtumie kiungo tu nisipandishe presha bure.

Suala la wati tulimalize haraka. Ripita iliyoandikwa wati 50 haili wati 50. Hizo ndizo zinazotoka kwenda kwenye antena. Ili zitoke, mashine ya kawaida huvuta ampea 10 hadi 12 kwa volti 13.8, yaani wati 140 hadi 165. Zinazobaki ni joto, ndiyo maana kuna feni. Halafu ripita si redio ya mkononi inayoongea sekunde tano ikanyamaza. Watu wakipiga soga nusu saa, nayo inarusha nusu saa. Piga hesabu ya kurusha mfululizo.

Turudi kwenye zile ampea 20. Jedwali analolishikilia fundi linajibu swali moja: mkondo gani utapita kabla ganda la waya halijaharibika kwa joto? Kuhusu volti zitakazofika upande wa pili, halisemi neno. Kwenye umeme wa volti 230 unaweza kustaafu bila kutofautisha mambo haya mawili, maana volti moja ikipotea njiani nani ataiona? Kwenye betri ya volti 12, umepoteza sehemu moja ya kumi na mbili ya ulichonacho.

Chukua waya wa shaba wa 2.5 (milimita za mraba, unene wa shaba yenyewe), betri ikiwa mita 6 kutoka kwenye ripita. Urefu wa hesabu ni mita 12, kwa sababu mkondo unakwenda kwa waya mwekundu na kurudi kwa mweusi. (Hesabu nyingi ninazoletewa hufia hapa.) Shaba ya 2.5 ina ukinzani wa karibu miliomu 7.4 (elfu za omu) kwa mita. Mita 12 ni miliomu 89. Zidisha kwa ampea 12, unapata volti 1.07. Betri inayotoa 12.0 ikiwa na mzigo inafikisha 10.9. Redio nyingi za 13.8 zinavumilia pungufu ya asilimia 15, yaani 11.7 hivi. Tumeshavuka mpaka, na bado sijagusa kishikizi cha fyuzi wala viungo.

Waya wenyewe je? Umepoteza wati 13 zilizotawanyika kwenye mita 12 za shaba. Ushike, hutahisi kitu cha maana. Fundi anaapa kwamba waya ni mzima, na kweli ni mzima!

Kinachotokea ni hiki: mtu anabonyeza kitufe cha kuongea kwenye redio yake, ripita inarusha, volti zinadondoka, inajizima. Mzigo ukitoka volti zinapanda, inawaka, inarusha, inajizima tena. Hewani ni tak-tak-tak. Basi kipaza nguvu, sehemu ya ripita inayoyapa mawimbi nguvu ya kutoka, kinafunguliwa na kulaumiwa, wakati mwingine hata kubadilishwa. Chukua mita, mwenzako abonyeze kitufe, pima kwenye vichwa vya betri, kisha nyuma ya ripita, ikiwa inarusha. Ikiwa inapokea tu huvuta pengine nusu ampea, na mita itakuambia kila kitu ni shwari. Kipimo hicho kitupe.

Kwa umbali huo mimi naweka waya wa 10. Upotevu unashuka hadi volti 0.26. Wa 6 unapoteza 0.44, unavumilika pawasaplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo) ikiwa inashikilia 13.8, ila betri ikielekea kuisha utaijutia tofauti hiyo. Fyuzi ikae jirani kabisa na betri. Inalinda waya, si redio.

Vitabu hupenda kusema upotevu usizidi asilimia 3. Sawa, lakini ni mazoea tu, na kiungo kilichoota kutu kinaweza kuzila zote peke yake. Ukubwa wa betri nao ni ramli. Ukikisia ripita itarusha asilimia 20 ya siku, unahitaji karibu ampea-saa 67 kwa saa 24. Ukisema asilimia 50, ni 150. Na siku ya maafa, umeme umekatika, hakuna anayenyamaza.

Upande wa volti 230 mashine hiyohiyo huvuta karibu ampea moja tu, na kebo ya 0.75 inatosha. Bado nakuta kebo nene kutoka ukutani hadi pawasaplai, halafu kutoka hapo hadi kwenye ripita, waya wa spika.

Kabla ya kulipia huo waya wa 10, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Weupe wa nje usikutishe, huenda ni bati juu ya shaba. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, na upotevu wote niliotaja uzidishe kwa moja na nusu au zaidi.