Kabla ya kuwasha mfumo mpya, chora kwanza njia ya kuuingiza

Kazi yangu ni kuchora taratibu za kazi kwenye kampuni zinazoingiza mfumo mpya wa kompyuta wa mauzo na stoki, zaidi wauzaji wa jumla hapa Dar, na mara nyingi naitwa mfumo ukiwa umeshalipiwa, yaani bosi kaoneshwa demo, kaipenda, kasaini, halafu ndo wanauliza sasa tunaanzaje. Mchoro wa mauzo yanavyofanyika leo wengi wanao. Wasio nao ni ule wa kuhama, kutoka kwenye madaftari na Excel mpaka kwenye mfumo, na huo ndo unaoamua kama Jumatatu mtauza au mtagombana.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi, kaunta iko Kariakoo, godauni barabara ya Pugu. Nagawa karatasi kwa mistari, kila mtu na njia yake: bosi, mhasibu, keshia, stoo kipa, mtu wa IT, aliyewauzia mfumo. Alama zinatoka kwenye BPMN, yaani utaratibu wa kimataifa wa kuchora hatua za kazi, toleo la 2.0 la mwaka 2011, ila msihangaike nazo zote, duara la kuanzia na la kumalizia, kiboksi cha kazi na almasi ya uamuzi zinatosha kabisa. Muhimu stoo kipa aweze kuusoma huo mchoro na kukubishia.

Sasa kwenye data ndo kuna kazi. Watu wanachora kiboksi kimoja, "kusafisha data", wanakiweka kwa mtu wa IT. Yeye atajuaje kwamba "Nondo 12", "N12" na "nondo mm12" ni kitu kimoja? Anayejua ni stoo kipa, kiboksi kihamie kwake. Halafu nondo mnanunua kwa tani mnauza kwa pisi, na nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7 hivi, kwa hiyo tani moja ni kama pisi 94. Hicho kipimo kisipoingizwa mapema, mtapokea "5" mtauza "60" na stoki itasoma hasi siku ya kwanza, na kuanzia hapo hakuna atakayeuamini tena mfumo, mi hilo linaniuma sana maana mfumo wenyewe hauna kosa. Mali kauli nayo ina kiboksi chake: madeni yako kwenye daftari la bosi na mengine kichwani kwake, lazima kila mteja athibitishe deni lake kabla halijaingizwa.

Tarehe ya kuhama iwe mwanzo wa mwezi, ritani za VAT zinaenda kwa mwezi na hamtaki nusu ya mauzo iwe kwenye Excel nusu kwenye mfumo. Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, zijaribiwe kabla, siyo asubuhi mteja akiwa mbele yenu. Kuhesabu stoki mnafanya duka likiwa limefungwa, na lori likishusha saruji katikati ya kuhesabu lina mshale wake, linaandikwa pembeni mpaka hesabu iishe.

Almasi kubwa ni hii: hesabu ya godauni inalingana na ya mfumo? Mshale wa "ndiyo" kila mtu anauchora. Wa "hapana" unaachwa unaning'inia. Andikeni nani anaamua kurudi kwenye utaratibu wa zamani, na mwisho saa ngapi, kwa sababu mkishauza nusu siku kurudi nyuma ni kuingiza kila risiti upya.

Kuendesha mifumo miwili sambamba nakubali kwa mhasibu tu. Keshia mwenye foleni haandiki mara mbili, ataacha mmoja, na hatawaambia ni upi. Kiboksi cha mwisho ni kuifunga ile Excel, isomeke tu isiandikike, na jina la atakayeifunga liwe pale pale kwenye mchoro.